Moja kwa moja au kuunganisha? Tathmini yangu baada ya kuwasafirisha wazazi kwa miaka 50 ya ndoa yao

Wazazi wangu walipokaribia kutimiza miaka 50 ya ndoa, sisi watoto tulichanga tuwapeleke mahali walipopatamani tangu ujana wao, wakarudie viapo vyao huko mbele yetu. Kazi ya kukata tiketi ikaniangukia mimi. Wakati wa kwenda nilituchukulia ndege ya moja kwa moja, saa 13 bila kugusa ardhi. Wakati wa kurudi tuliunganisha, na kati ya ndege ya kwanza na ya pili tukawa na mapumziko marefu Singapore. Nimezionja aina zote mbili nikiwa na watu wale wale na magoti yale yale yanayouma. Msimamo wangu ni huu: kwa safari yenye siku isiyoweza kusogezwa, jibaneni mlipie ndege ya moja kwa moja ya kwenda, halafu muunganishe mkiwa mnarudi.

Nianze na kwenda. Baba hutembelea mkongojo, na umbali kati ya kaunta na lango la kupandia humchosha kuliko safari yenyewe. Nilipokata tiketi niliomba aandaliwe kiti cha magurudumu, huduma inayotolewa bila malipo ukiiomba mapema. Mashirika mengi hutaka kuambiwa saa 48 kabla. Kijana aliyekuja kumsukuma alijua kazi yake. Alimpitisha kwenye ukaguzi wa usalama, akamsubiri avue viatu na kuvivaa tena bila kumharakisha, akamfikisha hadi mlangoni mwa ndege. Kwa ndege ya moja kwa moja yote hayo yanafanyika mara moja, basi. Ukiunganisha yanarudiwa: kushuka, kumngoja msukumaji mwingine, kukaguliwa upya, kutafuta lango, kupanda tena. Masikio nayo yanaziba na kuzibuka mara mbili. Na mama, ambaye hukamata mkono wa aliye jirani yake kila ndege inapopaa, anaingiwa na hofu ile ile mara mbili. Kwenye skrini ya kutafutia tiketi hayo yote hayaonekani. Unaona saa na bei tu.

Walilala kwa vipande vipande, lakini walilala. Tulipotua, mama alikuwa na nguvu ya kuulizia sherehe.

Hata hivyo saa 13 si mchezo kwa mwili wa mtu mzima. Hewa ndani ya ndege haiwekwi kama ya pwani. Viwango vya usalama huruhusu shinikizo lake lishuke hadi lile la mtu aliye juu ya mlima wa mita 2,400 hivi. Ndege za kizazi kipya, Boeing 787 na Airbus A350, hukaa kwenye kiwango cha mita 1,800 hivi, na tofauti hiyo mzee mwenye moyo mchovu huisikia. Hewa yenyewe ni kavu, mara nyingi unyevu wake uko chini ya asilimia 20, ndiyo maana koo hukauka na macho kuwasha. Nilipokuwa nalinganisha ndege mbili za moja kwa moja, niliangalia kwanza aina ya ndege, kisha saa ya kuondoka. Aina hiyo huandikwa pale pale kwenye maelezo ya safari unapotaka kulipa, kwa herufi ndogo ambazo wengi huziruka.

Kuna suala la miguu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake: hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka takriban maradufu baada ya kusafiri saa 4 au zaidi ukiwa umekaa tu, ingawa kwa mtu mmoja mmoja inabaki ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba kupanda ndege kadhaa katika muda mfupi nako kunaiongeza hatari hiyo. Kwa hiyo anayekushauri uunganishe ili kuiokoa miguu amekupa nusu ya habari. Kinachosaidia ni kuinuka na kujongea, popote ulipo. Daktari wa mama alimruhusu kusafiri na kumwagiza avae soksi za kubana. Nilimvalisha asubuhi kabla hajatoka kitandani, miguu ikiwa haijavimba, nikizivuta taratibu kutoka vidoleni hadi chini ya goti na kulainisha kila mkunjo kwa kiganja, kwa sababu mkunjo mmoja ukibaki nyuma ya goti hukata kama uzi. Viti tulichukua vya korido, ili asiwepo wa kuombwa radhi kila anapotaka kusimama.

Dada yangu na mumewe walikwenda kwa njia yao. Walipata tiketi mbili tofauti za mashirika mawili yasiyoshirikiana, na jumla yake ilikuwa nafuu mno. Ndege ya kwanza ikachelewa kuondoka kwa sababu ya hali ya hewa. Walipofika kituo cha kuunganisha, kaunta ya shirika la pili ilikuwa imeshafungwa, na kwa shirika lile wao walikuwa abiria ambao hawakutokea, tiketi imekufa. Wakanunua nyingine kwa bei ya siku hiyo hiyo, nayo ikawapitisha kituo kingine tena, na huko mabegi yakabaki. Walifika asubuhi ya sherehe mikono mitupu. Kwenye picha dada amesimama na gauni la mama lililobanwa kwa pini mgongoni. Picha tunaipenda sote, lakini mimi ndiye niliyemkuta chooni akilia kwa uchovu kabla hatujatoka, na ile ndiyo gharama ninayoiweka kwenye mizani ninapoambiwa kwamba kuunganisha ni rahisi.

Mabegi hayo hayakubaki kwa bahati mbaya isiyo na mfano. SITA, kampuni ya mifumo ya viwanja vya ndege ambayo kila mwaka hutoa ripoti kuhusu mizigo, imeonyesha mara kwa mara kwamba kundi kubwa zaidi la mabegi yanayochelewa hukwama wakati wa kuhamishwa kutoka ndege moja kwenda nyingine. Begi la ndege ya moja kwa moja halina mahali pa kuhamishiwa.

Siandiki haya kuitupa ndege ya kuunganisha. Nataka watu waijue inavyofanya kazi. Swali la kwanza ni kama safari nzima iko kwenye tiketi moja, yenye namba moja ya uhifadhi. Ikiwa ni moja, ndege ya kwanza ikichelewa ni wajibu wa shirika kukutafutia njia nyingine ya kukufikisha. Zikiwa mbili, mzigo wote ni wako. Ukitoka uwanja ulio ndani ya Umoja wa Ulaya, Kanuni ya 261 ya mwaka 2004 inakulinda, na mwaka 2013 mahakama ya umoja huo iliamua kwamba safari ya kuunganisha hupimwa kwa saa uliyofika mwisho wa safari. Ukichelewa saa 3 au zaidi kwa kosa la shirika, katika safari ya zaidi ya kilomita 3,500, fidia inaweza kufikia euro 600. Yote hayo yanasimama juu ya uhifadhi mmoja. Jambo jingine: usipopanda kipande cha kwanza, mashirika mengi hufuta vipande vyote vinavyofuata, pamoja na vya kurudi.

Pale kaunta, usiondoke kabla hujasoma kibandiko cha begi. Herufi tatu kubwa ni za uwanja ambako begi litashushwa. Herufi ndogo ni za vituo vya katikati. Herufi kubwa zikiwa za kituo cha kuunganisha, ujue utalichukua mwenyewe huko na kulikabidhi upya. Nilizisoma kwa sauti mbele ya mhudumu, begi baada ya begi, naye alinitabasamia na kunithibitishia.

Muda wa kati ndiyo sehemu inayowadanganya wengi. Kila uwanja una muda wa chini kabisa unaokubalika wa kubadilisha ndege, na mfumo ukiona umetimia, unakuuzia tiketi. Chukua dakika 70 zilizoandikwa. Lango hufungwa dakika 15 au 20 kabla ya kuondoka. Ndege ikishatua huzunguka kwenda kuegeshwa, kisha mlango husubiriwa. Na abiria wa kiti cha magurudumu kwa kawaida hushuka wa mwisho kabisa, baada ya safu zote kumalizika. Kwa mzee wa aina ya baba, dakika 70 zimekwisha kabla hajaona korido. Kwa wazazi mimi sikubali chini ya saa 3, hata kama uwanja unasifika.

Halafu viza. Ukipita Marekani, hata kama unaendelea nchi nyingine, unapita uhamiaji, na kwa kawaida unachukua begi lako na kulikabidhi tena. Kwa hiyo unahitaji viza au kibali cha kuingia kwa ajili ya kupita tu. Katika nchi za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao, pasipoti hukaguliwa kwenye uwanja wa kwanza mnaoingilia, kwa hiyo foleni ya uhamiaji inakula muda wa kuunganisha. Uingereza na nchi za Schengen huwataka raia wa mataifa fulani wawe na viza hata kama hawatoki nje ya eneo la abiria wanaopita. Tazama kanuni za pasipoti yako wewe. Za rafiki yako hazikuhusu.

Na angalieni kama ndege inayoitwa ya moja kwa moja haitui njiani. Safari moja yenye namba moja inaweza kuwa na kituo. Singapore Airlines ina mfano mzuri: safari yake ya SQ 26 kwenda New York hutua Frankfurt, wakati SQ 24 huenda mji huo huo bila kutua, zaidi ya kilomita 15,000 kwa saa 18 na kitu. Hiyo ya pili hutumia A350 iliyotengenezwa kwa masafa marefu sana, yenye viti 161 tu: 67 vya daraja la biashara na 94 vya daraja la kati. Daraja la kawaida halimo kabisa. Mwenye shirika lenyewe ameona kwamba kwa muda ule nafasi ya miguu haiwezi kubaniwa, na mimi nauchukua uamuzi huo kama kipimo: hadi saa 13 au 14 nitawakalisha wazazi bila kusita, lakini zikizidi 16 kwenye kiti cha kawaida nitaunganisha kwa furaha.

Sasa kurudi. Sherehe imekwisha, hakuna anayetungoja kwa saa maalumu, na hapo kuunganisha kulinifurahisha mno. Niliichagua Changi, uwanja wa ndege wa Singapore, makusudi. Katika jengo la tatu kuna bustani ya vipepeo, ndani ya eneo la abiria wanaopita, na mama alikaa pale muda mrefu kuliko alivyokaa kwenye jumba lolote la makumbusho tulilomlipia. Kuna mahali pa kulala kwa kuegama bila malipo, na baba alinyoosha miguu hadi akakoroma. Mwenye mapumziko ya saa 5 na nusu au zaidi anaweza kujiandikisha kwa matembezi ya bure ya mjini, mradi anatimiza masharti ya kuingia nchini. Sisi tulipita uhamiaji kwenda Jewel, jumba lililofunguliwa mwaka 2019 lenye maporomoko ya maji ya mita 40 yanayomwagika kutoka kwenye paa la kioo. Wazazi wangu walisimama mbele yake wameshikana mikono, baba ameegemea mkongojo, hakuna aliyewaharakisha. Yale mapumziko yakawa siku ya ziada ya sikukuu yao. Tukapanda ndege ya pili tukiwa tumeoga, na kipande kilichobaki kilipita upesi.

Kwa maharusi wa fungate, wenye miguu mizima na siku zisizobanwa na sherehe, ningeweza kuunganisha hata kwa kwenda, tena kwa kulala usiku mmoja au miwili njiani. Icelandair, kwa mfano, huruhusu abiria wanaovuka Atlantiki wakae Iceland hadi siku 7 bila kuongezewa nauli. Kwa mgonjwa anayekwenda kutibiwa, au anayewahi harusi ya mwanawe, la.

Na kama mnakokwenda hakuna ndege ya moja kwa moja, fikeni siku 2 kabla ya shughuli, tiketi iwe moja, na nguo za sherehe pamoja na dawa ziwe kwenye begi la mkononi. Chagueni kituo chenye ndege nyingi kwa siku kuelekea mnakokwenda, maana ukikosa ya mchana kuna ya jioni, tofauti na kituo chenye ndege mbili kwa wiki. Kipande cha kwanza kiwe cha alfajiri ikiwezekana, kwa kuwa ucheleweshaji hujikusanya kadiri siku inavyokwenda na ndege za asubuhi ndizo huumia kidogo zaidi.