Ruta yangu inaijua IPv6, laini haiijui

Miezi minne sasa natumia intaneti ya antena dukani kwangu Kamalondo, hapa Lubumbashi. Kampuni siitaji. Kwa spidi sina neno: video ya WhatsApp haikwami, na umeme ukikatika, betri ndogo inaishikilia ruta hadi jioni.

Shida ni kamera. Nilizifunga ili nikiwa nyumbani Katuba nichungulie stoo kwa simu. Zikagoma. Nikafungua ukurasa wa ruta, nikakuta anwani ya intaneti, yaani namba inayokitambulisha kifaa mtandaoni, inayoanza na 100.72, nikajua nimebanwa. Ni akiba ya anwani iliyotengwa mwaka 2012 kwa kampuni zinazorundika wateja nyuma ya anwani moja ya umma. Kutoka natoka vizuri. Wa nje ndiye hanifikii. Fikiria parseli, yaani kiwanja cha nyumba, yenye wapangaji hamsini na lango moja, milango haina namba: mgeni anaishia langoni.

Kuhusu kubanwa siwalaumu sana. Anwani za zamani, za IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na AFRINIC, wanaozigawa Afrika, tangu 2020 wanazitoa kidogokidogo. Lakini dawa ipo. IPv6, mfumo mpya wenye anwani za kumtosha kila mtu, iliandikwa miaka ya 1990, ikazinduliwa rasmi Juni 6, 2012, na katoni ya ruta yangu ina nembo yake. Nikaiwasha. Nikapata fe80 peke yake, anwani isiyovuka hata ukuta wa duka. Nikampigia fundi.

"Papa, ile ni mambo ya ku Bulaya."

Nilicheka, maana shemeji yangu aliye Ubelgiji anayo na wala hajui kama anayo. Vipimo vya Google vinaonyesha karibu nusu ya wanaoingia Google duniani wanapitia IPv6, na wikendi wanaongezeka, kwani imeshika majumbani na kwenye simu kuliko maofisini. Kwa hiyo anayesema imeshindwa simwelewi. Anayesema imeenea naye aje Kamalondo achomeke waya, aone kama anwani itamjia bila kuomba. Nembo ya katoni hata mimi ninayo.

Kamera sasa zinapitia seva ya mtengenezaji. Picha inachelewa sekunde nne hivi na inanimalizia mega za simu. Juzi nilimwona kijana wa stoo akifunga mlango wakati tayari amenipigia kusema yuko kwenye basi.

Nyota tatu kati ya tano. Mwezi wa tano nimeshalipa.