Uzoefu wangu na ukoka wa gunia: kuziba vipara baada ya kiangazi, Tanga

Nilinunua magunia mawili ya vipando vya ukoka (vipande vya mashina ya kupanda) kitaluni hapa Tanga mwezi wa Aprili, masika yalipokolea, kwa ajili ya uwanja ulioungua na jua la kaskazi. Vipara vilifika kama mita za mraba 50. Gunia moja lililoshindiliwa lilitosha mita za mraba 25 hivi, kwa mistari ya sentimita 20. Ukoka umeshika vizuri sana. Tatizo ni gunia la pili, lililokuja na gugu la ndago, na hilo ndilo nataka mnunuzi mwenzangu alijue kabla hajatoa hela.

Ndago ikichanganyika na ukoka macho hayaioni. Chukua shina moja ulizungushe kati ya vidole: la ndago lina pembe tatu, la ukoka halina. Chini yake kuna viazi vidogo vya rangi ya kahawia iliyoiva, vimeungana kwa uzi mwembamba. Ukivuta kwa mkono uzi unakatika, kiazi kinabaki, na siku chache baadaye jani jipya limeshachomoza. Kwa hiyo mwaga gunia zima juu ya turubai palepale kitaluni, ukung'ute udongo. Muuzaji akikataa, ondoka. Ingiza pia mkono katikati ya gunia kabla hujalimwaga: ukikuta joto na harufu ya kuchacha, vipando vimelala humo na vingi havitatoa mizizi.

Kabla ya kununua chochote, kwaruza kwa ukucha mashina yaliyokauka uwanjani. Ndani pakiwa peupe au kijani kibichi, yapo hai. Mwagilia wiki mbili uone. Maelekezo mengi ya kufufua nyasi yanatoka nchi za theluji, ambako watu husubiri baridi ipite, wakareki nyasi mfu na kunyunyiza mbegu. Ukoka wetu unaumizwa na ukame na udongo ulioshindiliwa na miguu, na hujiziba wenyewe kwa kutambaa ukifunguliwa njia. Nusu ya kazi ni hiyo.

Penye kipara kisichorudi, chimbua kina cha sentimita 10 hadi 15, uchanganye samadi iliyooza, toroli moja kwa mita za mraba 10. Samadi mbichi isikaribie: inaunguza mizizi michanga na inaleta mbegu za magugu. Chora mifereji ya sentimita 5. Kila kipando kiwe na vifundo (maungo ya shina) 3 au 4. Viwili vizame, ncha ibaki nje. Halafu kanyaga mstari mzima kwa uzito wako. Wengi wanaruka hatua hii, na kipando kilichozungukwa na hewa badala ya udongo hukauka hata kama mvua ilinyesha jana yake.

Panda siku hiyohiyo ya kununua, na mwagilia kabla hujanawa mikono. Siku zisizo na mvua ni asubuhi na jioni, kidogokidogo, kwa wiki mbili. Baada ya hapo punguza: mara mbili kwa wiki, jumla ya lita 25 kwa kila mita ya mraba, ili mizizi ifuate maji chini. Maji ya kisima yenye chumvi ukoka mkubwa unayavumilia kiasi. Ukoka mchanga haujayazoea, tumia ya bomba au ya mvua.

Wiki ya nne niliweka urea gramu 10 kwa mita ya mraba, majani yakiwa makavu, kisha maji mengi papo hapo. Ukizidisha, majani yanaungua kwa madoa yanayofuata mkono ulivyorusha. Wiki ya 7 mistari ilikuwa imekutana, isipokuwa chini ya mwembe. Pale msijisumbue, ukoka haukui vizuri kivulini.

Ndago ninaiondoa kwa sururu ndogo, nikifuata uzi hadi kiazi cha mwisho, na kila wiki ipo nyingine. Gunia la kwanza linapata nyota tano, la pili mbili. Ningenunua tena kitaluni hapohapo, ila asubuhi, siku vipando vinapong'olewa, na turubai langu mkononi.