Siku nne Kalkbreite: nyumba iliyojengwa juu ya gereji ya tramu

Mwenyeji wangu wa Zürich, Uswisi, aliponiambia kwamba kwake hana pa kunilaza, ila amenipangia chumba "humuhumu ndani ya jengo", nilidhani ananikwepa kwa adabu. Kumbe ndivyo Kalkbreite ilivyopangwa: nyumba za wakazi zimefanywa ndogo kwa makusudi, na kile chumba cha mgeni ambacho familia nyingi hukiweka kikilaliwa mara mbili tatu kwa mwaka kimehamishiwa katika nyumba ya wageni ya pamoja, Pension Kalkbreite, ambako hata msafiri asiyemjua mtu yeyote humo anaweza kupanga. Kuhusu chumba chenyewe sina mengi ya kusema. Kilikuwa safi, hakikuwa na makorokoro, na usingizi ulinijia vizuri. Kwa siku zote nne jengo ndilo lililonishughulisha.

Chama cha ushirika kinachomiliki jengo hilo kiliundwa mwaka 2007. Ardhi ni ya mji, nacho kimepewa haki ya kujenga juu yake kwa muda mrefu, kwa sharti kwamba gereji iliyokuwapo ya tramu, yaani treni ndogo za mitaani, ibaki ikifanya kazi. Wasanifu wa Müller Sigrist waliifunika gereji, wakauweka uwanja juu ya paa lake, kisha wakauzungushia ghorofa za makazi, maduka na ofisi. Wakazi wakaanza kuhamia mwaka 2014. Matokeo yake ni kwamba watoto wanacheza juani, takriban mita 9 juu ya usawa wa barabara, huku chini ya miguu yao tramu zimejipanga zikisubiri zamu. Uwanja huo uko wazi kwa umma: unapanda ngazi pana kutoka mtaani na hakuna mlinzi wa kukuuliza unakwenda kwa nani. Kwa mtu aliyezoea mageti na vitabu vya wageni, siku ya kwanza nilipanda nikitazama nyuma.

Mahali nilipojifunza zaidi ni chumba cha kufulia. Katika majengo mengi ya Ulaya mashine za kufulia huwekwa chini ya ardhi, penye taa hafifu, na mtu huenda huko kama anayetumikia adhabu. Hapa zimewekwa karibu na ukumbi wa kuingilia, na wanaoingia na kutoka wanapita hapohapo. Jioni moja nilimwona mzee mmoja akipambana na shuka kubwa. Kijana aliyekuwa akipita na baiskeli yake aliiegesha ukutani, akashika pembe mbili, wakakunja pamoja bila kusemezana sana, kisha kila mtu akashika njia yake. Hakuna kikao kilichoitishwa ili jambo hilo litokee. Msanifu aliiweka mashine mahali ambapo jirani hana budi kupita, na ndani ya jengo inapita njia ndefu inayounganisha ngazi na korido, kiasi kwamba unaweza kumfikia rafiki yako wa upande wa pili bila kutoka nje wakati wa theluji.

Wakazi ni kama 250, katika nyumba zinazotofautiana sana kwa ukubwa, kuanzia za mtu mmoja hadi zile kubwa zinazokaliwa na kundi zima la watu. Zipo nyumba za vishada, ambamo kila mtu ana chumba chake na jiko lake dogo, kisha wote wana sebule na jiko kubwa la pamoja. Vipo pia vyumba vinavyoitwa "jokeri", kama ile karata inayokaa popote: mtoto akikua na kutaka faragha, au mzazi akihitaji kuuguzwa, familia hukodi chumba kimoja kwa muda badala ya kuhama. Kati ya yote naona hili ndilo wazo bora zaidi.

Halafu kuna kaya kubwa ya watu wapatao 50 ambao wamemwajiri mpishi wa kuwapikia. Sisi tuliokulia nyumba za uswahilini, zenye korido katikati na uani nyuma, tunajua kuishi pamoja kunavunjikia wapi: ni zamu ya kufagia, bili ya maji na sufuria iliyoachwa bila kuoshwa. Kwetu kila mpangaji alikuwa na jiko lake la mkaa, na ugomvi ulianzia bombani. Hawa wameamua kulilipia lile jambo ambalo lingewagombanisha. Si kila mtu ana uwezo huo, lakini mantiki yake ni ya mtu aliyewahi kupanga chumba.

Kuhusu mazingira, hesabu ni rahisi. Kila mkazi anatumia wastani wa mita za mraba zisizozidi sana 30, pungufu ya wastani wa Uswisi, kwa hiyo kuna zege kidogo la kumwaga na hewa kidogo ya kupasha joto kwa kila kichwa. Jengo limejengwa kwa kiwango cha Minergie-P-Eco, ambacho ni kiwango cha Uswisi cha majengo yanayotumia nishati kidogo sana, katika mji ambao wapiga kura wake waliridhia mwaka 2008 lengo la kupunguza matumizi ya nishati hadi wati 2,000 kwa kila mtu. Maegesho ya magari ya wakazi hakuna kabisa, na anayehamia anaahidi kutokuwa na gari. Kuna nafasi nyingi za baiskeli, na tramu iko mlangoni.

Dosari kubwa ninayoiona ni mlango wa kuingilia, yaani ule wa fedha. Ingawa baadhi ya nyumba zina ruzuku, mkazi hununua hisa za chama kulingana na ukubwa wa nyumba, na hizo ni maelfu ya faranga zinazotakiwa mapema. Nafasi zenyewe hazitoki mara kwa mara. Fundi au mhudumu aliyehamia Zürich mwaka jana atafaidi uwanja na ngazi zake kuliko vyumba. Kwa sababu hiyo naipa nyota 4 kati ya 5, na kwa nyumba ya wageni naongeza ushauri mmoja: beba nguo chafu.