Miwani ya kutalii ukiwa kwenye kochi: picha tamu, umbali hamna

Nimeitumia hii miwani ya VR kama wiki tatu sasa, ile unayovaa halafu unazunguka dunia kwa picha za nyuzi 360, na picha jamani ni kali, ukigeuza kichwa haichelewi, ila kwenye suala la umbali inakudanganya mchana kweupe.

Nilianza na Grand Canyon kule Marekani. Lile bonde kwa wastani lina upana wa kilomita 16, kina kinapita kilomita moja na nusu, lakini mimi nimesimama pale ukingoni naona kama nikirusha jiwe linafika ng'ambo. Hata kizunguzungu sikupata, na mimi ngazi tu ya kubadilishia balbu inanitetemesha magoti! Kumbe picha nyingi humo zimepigwa kwa lenzi moja, kwa hiyo macho yote mawili yanaonyeshwa kitu kilekile, wakati macho yetu yameachana kama sentimita 6 na ile tofauti ndogo ya jicho hili na lile ndo ubongo unapimia vitu vya karibu. Matokeo yake mawe ya miguuni na milima ya kule vyote vimebandikwa ukuta mmoja. Tena ukisogea pembeni hakuna kinachobadilika, wakati ukiwa pale kweli cha karibu kingekupita haraka na cha mbali kingetulia.

Mitaani ndo kichekesho. Kamera inakaa juu ya gari, juu kuliko macho ya mtu, basi Paris nimetembea kama twiga, watu wote wafupi. Ukiangalia picha hizohizo kwenye simu bila miwani mambo yanageuka, ile lenzi pana inasukuma kila kitu nyuma na Mnara wa Eiffel wenye mita 330 unakuwa kijiti cha meno. Halafu unabonyeza mshale mara kadhaa umeshafika, miguu haijachoka, sasa hapo utajuaje ulikuwa mbali? Mimi siku hizi natafuta kwanza mtu au mlango kwenye picha ndo nakadiria.

Zile picha za lenzi mbili lakini, ambazo kila jicho linapata picha yake, ah, nilinyoosha mkono nishike ukuta nikashika hewa.

Nyota 3 kati ya 5. Ukitaka kununua muulize muuzaji picha za lenzi mbili zimo ngapi, yangu ilikuja nazo kumi na moja, nikazimaliza siku ya kwanza.