London: treni ya chini ya ardhi au basi?

Mgeni wa London hukimbilia treni ya chini ya ardhi, na kwa safari ndefu hakosei: haijui foleni. Ila ramani yake isikudanganye. Inaonyesha mpangilio wa vituo, si umbali. Leicester Square hadi Covent Garden ni mita 260 hivi. Kwa miguu unafika huku mwenzako bado anahangaika na ngazi za stesheni.

Basi jekundu la ghorofa hukwama barabarani, kweli, lakini nauli ni nafuu, na ukipata kiti cha mbele kule juu, umeona mji bila kumlipa mtembeza wageni. Keshi hawapokei tangu 2014. Gusisha tu kadi ya benki kwenye mashine. Kama huna haraka, panda basi. Asubuhi ya watu kwenda kazini, shuka chini kwenye treni, ujiandae kubanwa.