Kipimo cha shanti: waliniuliza picha ya zamani kwanza (nyota 4 kati ya 5)

Wazazi mliowekewa watoto shanti, ule mpira wa kushusha maji ya kwenye ubongo toka kichwani mpaka tumboni, hii ni yenu. Mwanangu ana miaka 4, alizaliwa na kichwa kikubwa, shanti aliwekewa akiwa na miezi 5. Juzi kati akaanza kutapika kila akiamka, mchana amelala tu, mtoto ambaye hakaagi chini dakika mbili. Malaria wamepima hakuna. Kituo cha kwanza wakampiga siti skani, ripoti mstari mmoja, vyumba vya maji kwenye ubongo ni vikubwa basi. Sasa jamani mtoto wa kichwa kikubwa vyumba vyake si mara nyingi ni vikubwa tu, vikubwa kuliko lini?? Nililia pale pale kwenye korido.

Hapa kituo cha pili ninapopasifia, dada wa mapokezi hata jina hajaandika akaniuliza, "Mama, picha zake za zamani umekuja nazo?" Ninayo sidii ya baada ya operesheni, huwa inakaa mfuko mmoja na kadi ya kliniki. Skani hawakurudia, wakasema mtoto asiongezewe mionzi bila sababu, wakaiweka ile ya jana yake ya kituo cha kwanza kwenye skrini na ya zamani pembeni, hata mimi nisiyejua kitu nikaona vyumba vimetanuka. Halafu eksirei kichwani, shingoni, kifuani mpaka tumboni, wanaufuata mpira wote. Dokta akaweka kidole juu kidogo ya mtulinga, mstari mweupe unashuka vizuri, ukifika hapo kuna pengo kama ukucha wa kidole cha mwisho, halafu unaendelea. Mtoto amerefuka, mpira umekatika. Usiku ule ule akaingia thieta, na saa hizi naandika yuko uani anakimbiza kuku.

Dokta hakunificha pia, kuna watoto shanti imeziba na picha inatoka kama ile ya zamani, kwa hiyo ripoti ikiwa nzuri na mtoto bado anatapika na kusinzia usirudi nyumbani, mrudishe kwa daktari wa ubongo. Na mwenye kichanga ambaye utosi haujafunga aulizie ultrasaundi, haina mionzi kabisa.

Nyota moja nimeibakiza sababu ya foleni, tumekaa benchi saa mbili na mtoto anatapikia kanga yangu, wa shanti apitishwe mbele jamani. Na sidii mpya nimeifuata mara tatu ndio nikapewa, wakati hiyo ndio ya kulinganishia siku nyingine.