TV boksi ya bei rahisi niliyomnunulia mama: msinunue hii kitu

Jamani naandika hii kwa watu wa Amu (Lamu), Malindi na kwingine kote mnaotafuta boksi ya kufungulia YouTube na Netflix kwa tivii ya kawaida, kwa sababu mwaka jana nilipokuwa natafuta mimi sikupata mtu wa kuniambia, nikanunua, na tukakaa na hilo tatizo ndani ya nyumba karibu miezi miwili tukiilaumu waifai bure.

Ilikuwa Julai 2025, CHAN, yale mashindano ya mpira ya Afrika, inakaribia, wenyeji ni sisi na Tanzania na Uganda, na kila baraza unayopita mazungumzo ni Harambee Stars. Tivii yetu ni ya zamani, si smati, lakini picha yake bado safi kabisa sikuona haja ya kuitupa. Mama kwake mpira si kitu, yeye ataka Makka moja kwa moja, qasida, na zile tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili. Nikaona boksi moja itatutosha sote. Nikaagiza duka moja Mombasa (silitaji, si wao peke yao wanaoziuza, ziko kila mahali), shilingi 3,800 pamoja na nauli ya kifurushi, ikaja na basi mpaka Mokowe, nikavuka kuichukua mwenyewe. Juu ya katoni imeandikwa 8K (yaani picha kali kupita kiasi), RAM 16 (gigabaiti za kumbukumbu ya kufanyia kazi), Android ya kisasa, na jina ambalo ukilitafuta mtandaoni hupati kampuni yoyote yenye ofisi wala tovuti, wapata maduka tu yanayoiuza. Na yule muuzaji alivyoniambia kwa simu: mechi zote bure, filamu zote bure, hulipii kitu milele. Hapo ndipo ilipokuwa nisimame niulize, kwani bure hiyo nani analipa?

Sitasema uongo, wiki ya kwanza nilifurahi. YouTube ilifunguka, mama akapata Makka yake, picha si mbaya. Lakini vitu vidogo vidogo vikaanza. Rimoti ina kitufe cha kutoa kishale kama cha maus ya kompyuta, yaani ukibonyeza kinatembea kwenye skrini, na ukurasa wa mwanzo unafanana na wa tableti si wa tivii. Netflix (ya dada yangu, analipia) ikawa picha ina ukungu, nikadhani ni intaneti, kumbe boksi yenyewe haijathibitishwa, na Netflix ikiona hivyo haikupi picha kali hata uwe na intaneti ya namna gani, inakuachia 480p basi. Na ile programu ya mpira wa bure ilikuja imeshawekwa tayari, ukiifungua inakwambia uzime Play Protect kwanza ndiyo ifanye kazi. Nikazima. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu Play Protect ni ulinzi wa Google wa kuzuia programu mbaya kwenye Android, na mimi niliuzima kwa mkono wangu kisa mechi.

Sasa waifai. Nyumba yetu ni ya mawe ya zamani, kuta nene vile mnavyozijua za Amu, waifai haipiti vizuri chumba kwa chumba, kwa hivyo ruta iko msana (ukumbi wa ndani) wa juu karibu na tivii na twashirikiana na jirani yetu wa chini, mama mmoja na watoto wake, kila mwezi twalipa nusu kwa nusu. Miaka miwili hatujawahi kugombana. Agosti waifai ikaanza kuwa nzito hasa usiku, halafu likaja jambo geni, kila mtu akifungua Google kwa simu yake anaambiwa kwanza athibitishe yeye si roboti, mama mtu mzima anakaa achague picha zenye taa za barabarani ndiyo atafute anachotaka. Simu zote. Yangu, ya mama, ya jirani, ya wageni waliokuja.

Ijumaa ya tarehe 22 Agosti, robo fainali, Kenya na Madagascar Kasarani, moja moja mpaka muda wa nyongeza ukaisha, vijana wamejaa sebuleni hapo kwetu, zikafika penalti na picha ikaganda. Ikaganda kabisa. Tukasikia kelele kutoka nyumba za watu ndipo tukajua tumetolewa. Uchungu wa kutolewa ni mmoja na uchungu wa kutoona ni mwingine. Nikashuka chini na hasira, nikamwambia jirani kijana wake anapakua mafilamu usiku kucha anamaliza waifai. Akaapa hapakui. Sikumwamini, nikabadilisha paswadi, nikawaweka nje siku tatu ilhali wamelipa nusu yao.

Na katika hizo siku tatu waifai haikupata nafuu hata kidogo! Hapo ndipo nikajua nimemdhulumu mtu.

Mama ndiye aliyeona kwanza. Yeye huamka usiku kusali, akaniambia, "Mwanangu, kidude hichi mbona hakilali?" Tivii imezimwa, lakini taa ya boksi inawaka, ukiishika ni ya moto kama pasi, saa tisa usiku. Kuna kijana fundi wa simu na kompyuta ndani ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ukielekea mtaa wa Langoni, kibanda kidogo tu, huyu ndiye nataka nimsifu kabisa kwa sababu hakukimbilia kuniuzia kitu. Alikuja baada ya isha, akafungua ukurasa wa ruta kwa simu yake, akanionyesha kila kifaa kimetumia kiasi gani. Simu zetu zimepokea data nyingi zimetuma kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, mtu akitazama video anapokea. Boksi ilikuwa imetuma. Gigabaiti 61 imetuma ndani ya siku tisa, na sisi hatujawahi kupakia chochote kwa hiyo tivii, ni ya kutazama tu. Akaniuliza, kaka, sasa kama ninyi mwatazama, yeye anamtumia nani?

Akachomoa. Kufika siku ya pili ile habari ya roboti ikapotea kwa simu zote, na waifai ikarudi vile ilivyokuwa.

Alinieleza hivi, na baadaye nikasoma mwenyewe nikaona ni kweli tupu. Boksi nyingi za aina hii, zile za Android ya bure isiyopitia Google, hutoka kiwandani au hupita njiani zikiwa zimeshatiwa programu hasidi ndani kabisa, kabla hujaitoa kwenye katoni. Ukiiwasha na kuiunganisha na waifai inawasiliana na wenyewe huko waliko, na kazi yake kubwa ni mbili, kubofya matangazo kwa siri ili watu walipwe, na kukodisha laini yako ya intaneti. Yaani mtu asiyejulikana, popote duniani, analipa ili apite ndani ya nyumba yako kwenda mtandaoni, na kule anakokwenda kinachoonekana ni anwani yenu ya intaneti. Ndiyo maana Google ikatushuku kuwa roboti, maombi ya watu wengi yalikuwa yanatokea msana wetu wa juu. Na kama huyo mtu anajaribu paswadi za watu, au anaiba, alama inayobaki ni ya nyumba yenu. Fikirieni hilo vizuri, mama yangu asiyejua hata kutuma barua pepe.

Hii si hadithi ya Amu peke yake. Januari 2023 mtaalamu mmoja wa Kanada, Daniel Milisic, alieleza hadharani kwamba boksi aina ya T95 aliyoinunua Amazon ilikuja na virusi tayari. Mwaka huohuo kampuni ya usalama ya Human Security ikatoa ripoti ya mtandao mzima wa mashine za namna hii, wakauita BADBOX. Desemba 2024 Ujerumani, idara yao ya usalama wa mitandao ikakata mawasiliano ya vifaa vipatavyo 30,000 vyenye BADBOX. Juni 2025, mwezi mmoja kabla sijanunua mimi, FBI ya Marekani ikatoa onyo kwa wananchi, na katika dalili walizozitaja mojawapo ni kifaa kinachokutaka uzime Play Protect, nyingine ni kuuziwa kwa ahadi ya kutazama kila kitu bure. Zote mbili nilikuwa nazo. Julai Google ikawafungulia kesi New York watu wa nyuma ya BADBOX 2.0, yaani toleo la pili la mtandao huo, na ikasema vifaa vilivyoambukizwa vimepita milioni 10. Sasa boksi yetu ni ya kundi hilohilo au la ndugu yake siwezi kuapa, lakini tabia yake ni ileile.

Nikamwambia fundi basi tuirudishe kama ilivyotoka kiwandani. Akasema haisaidii, na hili watu wengi hawalijui, ukifanya riseti inarudi kwenye programu ya kiwandani, na ugonjwa uko ndani ya hiyohiyo programu ya kiwandani. Akaifungua na bisibisi tuone, RAM iliyoandikwa 16 tukaikuta ni 2. Hiyo 8K ni ya kwenye katoni.

Duka nililipigia. Wakasema hakuna aliyelalamika na garantii ni ya kuungua tu.

Tulichofanya usiku uleule ni kutoa boksi kwenye akaunti zetu za Google kwa kupitia simu, kubadilisha paswadi ya mama, yangu na ya Netflix ya dada, na kuweka uthibitisho wa hatua mbili ili mtu akiwa na paswadi bado akwame. Paswadi ya waifai pia na ya ruta yenyewe, ambayo ilikuwa bado ile iliyobandikwa chini yake. Fundi akafungua mtandao wa wageni kwenye ruta, tivii ikae huko peke yake isizione simu zetu. Alinichaji 500, nikampa 1,000, akakataa nikamlazimisha.

Halafu nikashuka chini kwa jirani. Nilimwomba msamaha mbele ya kijana wake, kwa sababu mbele yake ndipo nilipomtuhumu. Mwezi uliofuata waifai nililipa yote mimi.

Ya sasa tuliyonunua ni Xiaomi TV Box S ya toleo la pili, yenye Google TV. Nililipa elfu nane na mia mbili, ni zaidi ya mara mbili najua, na si kila mtu anazo. RAM yake ni 2 na nafasi ni gigabaiti 8, tena wameandika hivyohivyo kwenye katoni bila kuficha, na kwa YouTube, Netflix na redio inatosha kabisa. Ina kitufe cha kusema, mama anabonyeza anasema "Makka" inamletea. Netflix imekuwa picha nyingine, dada alidhani tumebadilisha tivii. Ramadhani hii ametazama tarawehe ya Makka usiku baada ya usiku haikuganda. Ile ya mpira wa bure haipo na sitaiweka, mechi kubwa naenda kutazama na wenzangu ukumbini, ndogo nasubiri vipande vya YouTube.

Kama tayari unayo boksi nyumbani na huna hakika, fungua Play Store, ingia mipangilio, sehemu ya kuhusu, utafute uthibitishaji wa Play Protect, kama imeandika kifaa hakijathibitishwa ichomoe leo. Kama hiyo sehemu huioni, au Play Store yenyewe haipo na badala yake kuna duka la programu la ajabu ajabu, ichomoe vilevile. Kabla ya kununua angalia jina kwenye tovuti ya Android TV, wameorodhesha kampuni wanazofanya nazo kazi. Na msisikie neno "bure milele" mkadhani ni bahati. Bora hata kukaa na king'amuzi cha kawaida mpaka pesa itimie.

Kuna mtu ameniambia nimuuzie ile ya zamani kwa 1,500, ati yeye hajali, ataka katuni za watoto tu. Nimekataa. Fundi amechukua adapta na waya wa HDMI, hivyo ni vizima, boksi yenyewe aliivunja ubao wake kwa nyundo hapo kibandani nikiona.